Shusha Kwanza: Shajara ya Darasa la Pumzi, Ujiji

Kabla ya kuanza

Mradi wa kwanza niliowahi kushiriki uliacha fulana na bango. Ukiuliza leo nani alifundishwa nini, hakuna anayekumbuka. Safari hii, kwenye darasa la mazoezi ya pumzi kwa wagonjwa wa kifua, nimeapa kuandika kila wiki, hata wiki mbaya.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa nje, upande wa Ujiji. Wagonjwa wa kifua nawajua kwa kukohoa kwao kabla hawajafika dirishani. Wanapewa dawa, wanaondoka, wiki mbili baadaye wanaletwa usiku kwa bodaboda wakiwa wamebanwa. Karibu wote husema wana pumu. Ukikaa nao unakuta hadithi tatu. Kuna waliovuta sigara miaka thelathini, arobaini. Kuna kina mama waliokaa mbele ya moshi tangu utotoni, kwanza jikoni kwa mama, kisha kwenye mapipa ya mawese au mbele ya migebuka ya kubanika. Halafu kuna waliomaliza dawa za TB: miezi 6 kamili, makohozi safi, kadi imeandikwa amepona, lakini pafu limebaki na makovu na pumzi haikurudi. Hawa wa mwisho ndio wenye uchungu kuliko wote, maana walishaambiwa wamepona na sasa hakuna anayewaamini.

Pafu lililoharibika namna hiyo halirudi kuwa jipya. Dawa ya kuvuta hufungua njia za hewa, lakini haiingii kwenye miguu iliyolegea kwa kukaa, wala kwenye hofu. Kinachojulikana kusaidia ni mazoezi ya mwili na ya pumzi, elimu, na kumhudumia mtu mawazo yake, kwa wiki 6 hadi 8, mara mbili kwa wiki au zaidi. Kwingine hufanyika kwenye ukumbi wenye baiskeli za mazoezi. Sisi tuna miembe.

Tumeanza na watu 11. Wote daktari kawaona. Mwenye kikohozi kipya alipimwa makohozi kwanza, na darasa lote ni la nje, hewa ipite. Mmoja tulimrudisha kwa sababu maumivu yake ya kifua yalikuwa ya moyo, na huyo ana njia yake. Hapa nitawaita kwa majina waliyopeana wenyewe: Babu Reli, Mama Mawese, Bi Dagaa, Mwalimu, na wengine watajitokeza. Mwenzangu ni kijana wa tiba ya viungo anayekuja kwa nauli yake. Posho hakuna, na nimelisema hilo siku ya kwanza kwa sauti. Wawili walicheka, mmoja akanuna.

Wiki ya 1

Kipimo cha kutembea dakika 6 kinataka njia tambarare ya mita 30. Korido yetu ndefu kuliko zote ina mita 11, na katikati kuna benchi la wanaosubiri sindano. Njia fupi inamgeuza mtu mara nyingi mno na kila kugeuka kunamla hatua. Tukatoka nje, tukaazima futi kamba ya fundi ujenzi, tukaweka ndoo mbili. Mtu anatembea kwenda na kurudi kwa kasi yake. Akichoka anasimama, lakini saa haisimami. Unaruhusiwa kumtia moyo kwa maneno yaleyale kila dakika, usimshangilie kama mpira. Hili la mwisho lilitushinda. Wagonjwa waliokaa walimshangilia Babu Reli mpaka akajisahau akataka kukimbia.

Alipata mita 214. Alipoketi midomo ilikuwa imepauka na mabega yamepanda masikioni. Oksijeni, kwa kifaa cha kubana kidoleni: asilimia 89. Tulikubaliana kwamba ikishuka chini ya 88 tunapumzika, haijalishi mtu anasema yuko sawa.

Kifaa hicho cha kidoleni kilitupa shida ambayo sikuitegemea. Bi Dagaa alitoka arusini juzi, kucha zote piko. Namba ikaruka 81, ikaja 93, ikapotea. Tukamsogezea kwenye ndewe ya sikio. Nimewakumbusha wenzangu pia kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki kinaweza kutoa namba nzuri kuliko hali halisi, kwa hiyo macho yetu yasistaafu: tazama shingo, tazama mabega, sikiliza kama anamaliza sentensi.

Kumaliza sentensi ndiko kulikotupa kipimo chetu wenyewe. Kipimo cha vitabuni cha kuhema ni cha namba, 0 hadi 10. Niliwaeleza mara tatu. Babu Reli akasema, "Binti yangu, mimi namba zangu ni za stesheni." Akaanza kutaja njia, kwa pumzi moja: Kigoma, Kazuramimba, Uvinza... akakata hapo. Alifanya kazi relini maisha yake yote na anasema zamani angefika Tabora bila kuvuta hewa. Nimeandika kwenye faili lake: Uvinza.

Wiki ya 2, Jumanne

Leo ndiyo siku niliyoiogopa, siku ya kueleza. Mtu aliyebanwa anaamini hana hewa. Ukimwambia tatizo ni kwamba hewa imejaa ndani na haitoki, anakuona huna akili. Lakini ndivyo ilivyo kwa wengi wao. Njia ndogo za hewa zimelegea, akitoa pumzi kwa nguvu zinajifunga kabla pafu halijamwaga, kinachobaki kinajilundika, kifua kinajaa kama pipa, na pumzi mpya haina pa kuingia. Naye akizidi kuogopa anavuta harakaharaka, analundika zaidi.

Nilijaribu picha ya pafu. Wapi. Nikajaribu puto. Wapi. Ndipo Mama Mawese akasema: "Yaani ni kama daladala ya Mwanga saa kumi na mbili jioni. Konda anaita watu, na waliomo hawajashuka."

Hivyo hasa. Abiria wamejaa, wapya wanasukumana mlangoni, konda anapiga kelele, na hakuna anayekumbuka kwamba dawa ni kushusha kwanza. Darasa zima likalipuka. Tangu leo hakuna anayesema "toa pumzi". Wanasema "shusha". Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo niliposhtuka kwamba lugha yetu ilishajua: mtu akitua mzigo wa moyo tunasema ameshusha pumzi.

Namna yenyewe: kaa, mabega yaanguke. Vuta kwa pua, hesabu mbili, usijaze kupita kiasi. Bana midomo kama unayepuliza uji wa moto, mashavu yasivimbe, shusha taratibu, hesabu nne. Ile midomo iliyobanwa inarudisha msukumo kidogo ndani, njia za hewa zinabaki wazi, abiria wanashuka. Tulitumia kibatari: ulimi wa moto uiname, usizime. Mwalimu alikizima mara tano mfululizo. Anapuliza kama anayezima karabai. Tulipomwambia apunguze, machozi yakamtoka, na sikujua kwa nini.

Wiki ya 2, Ijumaa

Kosa langu. Niliweka darasa Ijumaa saa tano asubuhi, Ujiji! Nusu ya darasa walikuwa wanaangalia saa, wengine hawakuja kabisa. Kuanzia wiki ijayo ni Jumanne na Alhamisi, saa tatu.

Waliokuja niliwapa dodoso la sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, lile la maswali 9 ambalo kila jibu lina alama 0 hadi 3. Lipo kwa Kiswahili na ni zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi ni namna nilivyolitumia. Niliwagawia karatasi kama mtihani wa darasa la saba. Wakajaza sifuri. Mtu ambaye mkewe ameniambia hajalala kitandani miezi mitatu, analala kwenye kiti, ameandika "hapana kabisa". Bi Dagaa hakuandika. Alisema, "Mimi sina wazimu mwanangu, nina kifua."

Jioni nilikaa na zile sifuri. Nakumbuka nilichosoma kuhusu Harare, kule Zimbabwe, ambako tangu 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaa kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki. Hawakutumia neno la kizungu la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona linalomaanisha kuwaza kupita kiasi. Sisi tuna neno letu hilohilo, mawazo, na kila mtu analitumia bila aibu. "Nina mawazo." Kwa nini nilianza na sonona?

Wiki ya 3

Nimeacha karatasi. Nimekaa nao mmoja mmoja kwenye mkeka, nikauliza swali moja tu: tangu kifua kianze, umeacha nini?

Babu Reli: kusindikiza maziko. Anasikia aibu kuachwa nyuma, kwa hiyo anajifanya ana safari siku ya msiba.

Mama Mawese: kulala chumba kimoja na mumewe. Kikohozi.

Bi Dagaa: kusujudu. Akiinama, tumbo linasukuma juu, pumzi inakata, na anaogopa kufia pale. Anaswali, ila kwa haraka, na anahisi swala yake ni ya wizi.

Mwalimu: kuimba kwaya. Nikakumbuka yale machozi ya kibatari.

Dada mmoja kijana, mwenye makovu ya TB: kucheka. "Nikicheka nakohoa, nikikohoa watu wanahama benchi."

Nimeandika haya kwenye ukurasa wa mbele wa kila faili, juu ya mita na juu ya oksijeni. Baada ya hapo yale maswali 9 yaliingia yenyewe katikati ya maongezi, na alama hazikuwa sifuri tena. Wanne wako 10 au zaidi, na hapo ndipo mtu hutazamwa kwa makini.

Jambo jingine la wiki hii, kwa ufupi: tulijaribu kupumulia tumbo, mkono juu ya kitovu. Wenye mapafu nafuu walipenda. Wenye kifua cha pipa walichoka zaidi, misuli yao ya chini tayari imesukumwa ikalala bapa. Kwa hao tumeliacha.

Na chupa. Pampu ya dawa ya kuvuta ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kooni. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuwa chemba ya kupokea dawa kabla haijavutwa: unapasha moto waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, unayeyusha tundu kitakoni pa chupa, pampu inakaa hapo, mgonjwa anavutia kwenye shingo ya chupa. Ilipimwa kwa watoto wenye pumu Cape Town, matokeo yakachapishwa 1999, na iliyozibwa vizuri kuzunguka pampu ikafanya kazi sawa na chemba ya dukani. Ioshwe kwa sabuni, iachwe ikauke yenyewe, usiipanguse kwa kitambaa. Tumetengeneza 11. Moja niliiunguza.

Wiki ya 4

Simu saa nane usiku, mume wa Mama Mawese. Sikuweza kwenda, nilimsikiliza kwa simu. Nyuma yake nasikia watu wengi, mtu anasoma dua kwa sauti, mwingine anasema fungeni dirisha baridi isiingie, mtoto analia. Na Mama Mawese katikati, anatweta.

Kesho yake nilifika. Aliniambia hii si mara ya kwanza. Mara zilizopita walisema ni jini linamkaba, na mtu aliitwa, na pesa zikatoka. Sikubishana na hilo. Nimezaliwa huku, najua ubishi huo unakoishia. Nilimuuliza tu jini linakuja saa ngapi. Akafikiri. Linakuja akiamka kwenda msalani. Chumba ni cha chini, anapanda ngazi tatu gizani, pumzi inapanda, moyo unakwenda mbio, naye anawaza: ndio leo.

Pale chini nikachora kwa kijiti mizunguko mitatu. Wataalamu wa Cambridge, Uingereza, wanaitumia kwa watu wenye shida kama hii. Mmoja ni pumzi: ikipanda, unavuta juujuu kwa kifua cha juu. Wa pili ni mawazo: nakufa, leo siponi. Wa tatu ni mwili: ukiogopa kuhema unakaa, ukikaa miguu inaisha nguvu, na miguu isiyo na nguvu inakufanya uheme kwa kazi ndogo zaidi. Kila mmoja unausukuma mwenzake. Huhitaji kuisimamisha yote, shika mmoja. Alitazama sana ule wa kati. Akasema, "Kumbe hili wazo linakuja kabla ya kunibana, halafu ndio nabanwa." Nilikaa kimya kwa sababu hiyo ndiyo tiba yenyewe, na alikuwa ameifanya mwenyewe.

Tukapanga mambo ya usiku, na mume akayarudia kwa mdomo. Dirisha lifunguliwe. Watu watoke, abaki mmoja. Akae, ainame mbele, viwiko juu ya magoti, ili misuli ya mabega ipate pa kuegemea. Apepewe usoni kwa kipepeo, kwenye mashavu na pua; ule upepo wa baridi unaugusa mshipa wa fahamu wa uso na ubongo unapunguza kile kiu cha hewa, hata kama oksijeni haijabadilika. Shusha kwanza. Anayebaki asiulize "vipi, vipi?", ahesabu tu naye. Pampu kwa chupa. Na maneno ya kujiambia, aliyoyachagua yeye: hii ni ile ya juzi, ilipanda, ikashuka. Isiposhuka, au midomo ikibadilika rangi, au akianza kuchanganyikiwa, ni bodaboda na kituo, hakuna mjadala.

Kipepeo alichonacho ni kile cha jikoni, cha ukindu, kimeungua pembeni. Miaka yote kilipuliza moto. Nikamwambia kastaafisha kipepeo cha watu. Akacheka, akakohoa, akashusha.

Wiki ya 5

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu si habari yangu.

Kwenye swali la tisa, lile la kuona afadhali ufe au kutaka kujidhuru, mmoja wetu alijibu ndiyo, karibu kila siku. Alijibu akitazama ziwa. Dodoso tukaliweka kando. Sikumwacha peke yake hata dakika moja. Nilimwambia nimefurahi ameniambia mimi, nikamuuliza wazi kama amepanga lolote. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, na ukilikwepa swali unamwacha nalo. Tulikwenda pamoja kwa daktari siku hiyohiyo, ndugu yake akaitwa kwa ridhaa yake, na sasa anaonwa na mtu wa afya ya akili mkoani. Alhamisi alikuja darasani. Hakuna aliyejua. Alipuliza kibatari kama wengine.

Usiku huo mimi ndiye niliyelala kwenye kiti.

Wiki ya 6

Mahudhurio yamekuwa yakinichanganya. Bi Dagaa anakuja wiki mbili mfululizo, kisha anapotea. Niliandika "hana nia" kwenye faili. Naifuta leo, kwa wino mwekundu, na ibaki inaonekana. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na yeye anapata nafasi. Mwezi ukifa, yuko kwenye mwalo wa Kibirizi tangu alfajiri anaanika. Kalenda yangu ilikuwa ya ofisini, yake ni ya mwezi. Kundi lijalo tutapanga kwa mwezi, na siku za giza nitamfuata mimi.

Nilimfuata. Darasa la siku hiyo lilikuwa la kubeba ndoo ya dagaa kutoka mchangani hadi kwenye chanja. Kanuni ni moja: kazi ngumu ifanyike wakati wa kushusha. Vuta hewa ndoo ikiwa chini, shusha unapoinua. Alizoea kubana pumzi anapoinua, kama wengi wetu. Na ndoo nusu mara mbili ni bora kuliko ndoo nzima mara moja, ingawa majirani watakucheka. Walimcheka. Aliwaambia ni amri ya sista.

Nilipitia pia kwa Mama Mawese, siku ya kazi. Sijawahi kukaa pale muda mrefu. Chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinakamuliwa, kisha mafuta yenyewe yanarudi motoni kuchemshwa tena hadi maji yaishe. Ni saa na saa za moto, na makapi ya chikichi ndiyo kuni. Moshi wake ni mzito, una mafuta, unashika kwenye nguo. Nilikohoa mimi mwenye mapafu mazima. Ninamfundisha kupumua vizuri ili avute vizuri nini?

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema na nalisubiri. Lakini mkakati unaongelea kupika chakula, na pipa la mawese ni biashara, ndiyo ada ya wajukuu wawili. Kumwambia aache ni maneno ya mtu mwenye mshahara. Tulichoweza: pipa limehamishwa kutoka bandani kuja uwanjani, yeye anakaa upande upepo unakotoka, na kuchochea anachochea mpwa wake. Huyo mpwa ana miaka 17. Hilo linanikosesha raha na sina jibu lake.

Wiki ya 7

Moshi wa kuchoma mapori umefika mjini. Wawili wamebanwa, makohozi yamegeuka rangi, wamelazwa. Darasa likawa watu watano.

Alhamisi palikuwa na msiba mtaani, mzee wa rika la Babu Reli. Aliniuliza mbele ya wote kama aende. Nikawatupia wao swali. Mwalimu akasema atangulie, aende makaburini kabla ya jeneza kutoka. Dada kijana akasema akae tu msibani na kina mama. Akakasirika kwelikweli.

Alikwenda kwa miguu, nyuma. Mjukuu wake alikuwa pembeni na kigoda. Hatua mbili anavuta, hatua nne anashusha, mti hadi mti. Jeneza la Kiislamu halichelewi, unajua, linabebwa mbiombio na kila mtu anapokezana bega. Alifika wameshafukia. Alinisimulia Jumanne, akiwa bado na hasira, "Wale vijana wana haraka ya nini? Mwenye safari keshafika!" Darasa likacheka mpaka watatu wakakohoa, na yule dada kijana akiwa mmoja wao. Hakuna aliyehama benchi.

Wiki ya 8

Vipimo vya mwisho. Ndoo zilezile, njia ileile, na safari hii niliwaomba waliokaa wafunge midomo. Kati ya 11, wanane wamemaliza. Mmoja amehamia Kasulu kwa mwanawe, mmoja bado yuko wodini, na yule aliyenuna kuhusu posho hakurudi tangu wiki ya tatu.

Babu Reli mita 262, kutoka 214. Mama Mawese 331, kutoka 305. Bi Dagaa 290, palepale alipokuwa. Aliyelazwa wiki iliyopita akatoka ameshuka, 265 kutoka 280, na nimemwambia hilo lilitarajiwa, mwili ukitoka kitandani hudai wiki kadhaa. Tofauti ya mita 30 ndiyo ambayo kwa kawaida mtu anaihisi kwenye maisha yake. Kwa hesabu hiyo waliopiga hatua ni watatu. Mama Mawese, kwa mita zake 26, hayumo.

Ila nilifungua ukurasa wa mbele. Mama Mawese amerudi chumbani, dirisha wazi. Mumewe analalamika mbu. Bi Dagaa amepata jawabu la sijda: anashusha pumzi taratibu akiwa anainama, haingii chini na kifua kilichojaa, na siku mbaya anaswali kwenye kiti bila kujiona mwizi. Shehe wa mtaani ndiye aliyemwambia mgonjwa ana ruhusa yake. Mimi nilishamwambia mara nne, haikuingia. Mwalimu hajarudi kwaya. Anasema ubeti bado mrefu. Lakini siku hizi darasa linamalizika kwa kuimba, maana kuimba ni kushusha kwa mpango, na yeye ndiye anayechagua: wiki hii qaswida, wiki ijayo pambio. Anasimamia sauti ya tatu na anakasirika wakikosea.

Yule wa wiki ya tano: alama zake zimeshuka kutoka 19 hadi 11. Bado anaonwa mkoani. Nimemwekea simu yangu.

Babu Reli alikuwa wa mwisho. Akasimama chini ya mwembe kama anayetangaza kwenye spika ya stesheni. Kigoma, Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge... akanyanyua mkono, akavuta hewa. Tukamwambia jaribu tena, Kaliua hii hapa. Akakataa. Amesema treni lazima isimame Usinge, kuna abiria wanashuka.

Kundi la pili linaanza mwezi ukiandama. Viti vya plastiki viegemezwe ukutani, viwili vimepasuka miguu. Kuulizia pampu, bohari yetu imebaki na nne. Mama Mawese ataleta mkeka wake na ndiye atakayeeleza habari ya daladala, mimi nitakaa nyuma na kibatari.